Kidumu Kilichochelewa

Katekista Kabanda hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Jumapili ile, baada ya ibada isiyo na padri, maana padri hufika Rubondo pale barabara na ratiba yake vinapopatana, alimwita Cansilde kando ya dirisha lisilo na kioo, akammwagia habari yote kwa pumzi moja.

"Belyse anabatizwa kwa Wamormoni. Jumamosi ya wiki ijayo, Mbarara. Watamzamisha mzima mzima, utadhani hajawahi kuguswa na maji ya ubatizo. Wewe ndiye mkuu wa jumuiya na yule ni mtu wako. Umrudishe."

Akafunga kitabu chake cha nyimbo, akachukua baiskeli, akaenda zake. Cansilde akabaki amesimama pale na lile neno, mtu wako. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa miezi minne hajafika nyumbani kwa huyo mtu wake.

Yeye na Belyse walitoka Burundi mwaka mmoja, wakashushwa na lori moja kwenye kambi ya Nakivale, wakapewa viwanja vinavyotazamana upande wa Rubondo. Kwa miaka tisa walikaa benchi moja kanisani, la tatu kutoka mbele: Belyse upande wa ukuta kwa sababu alipenda kuegemea, Cansilde pembeni yake ili amkanyage mguu akianza kusinzia. Cansilde ni mjane. Mtoto wake wa pekee, Munezero, alichukuliwa na mumewe Kanada kwenye ule mpango wa kuhamisha wakimbizi, na sasa ni sauti inayokatikakatika kwenye simu mara moja moja. Ukimtoa Belyse, Cansilde hakuwa na mtu hata wa kumwambia kwamba chumvi imeisha.

Basi ilikuwaje miezi minne ikapita? Hapo ndipo penye aibu, na aibu yenyewe ilianzia kwenye heshima.

Mwezi wa tatu, mume wa Belyse, Ladislas, fundi baiskeli wa Kashojwa, alilala na kifua siku sita, ya saba akafa. Jumuiya nzima ilimzika. Waliimba vizuri, walifukia kaburi vizuri, wakatawanyika. Kwa Warundi kazi haiishii hapo. Baada ya mazishi kila nyumba huenda kwa zamu yake kumshika mgongo mfiwa, ndivyo wanavyosema, na huko hakuendwi mikono mitupu. Unafika na mtu nyuma yako amebeba pombe kichwani, pombe inawekwa katikati, mirija inatumbukizwa, na huku mnavuta pamoja ndipo maneno juu ya marehemu yanapoanza kutoka. Kuingia kwa mfiwa bila kitu ni kwenda kumkodolea macho tu.

Sasa pombe itoke wapi? Tangu chakula cha msaada kipunguzwe, mtama wa kupikia pombe uligeuka uji, na uji wenyewe mara moja kwa siku. Ndizi za Cansilde zilipigwa na mvua ya mawe. Akasema, nitakwenda mwezi wa nne. Mwezi wa nne ukaja mikono mitupu kama yeye. Akasema wa tano. Kadiri siku zilivyozidi, ndivyo deni la heshima lilivyonenepa, maana huwezi kuchelewa miezi miwili halafu ufike na kikombe. Akaanza kwenda kisimani kwa njia ya mzunguko, ile ya nyuma ya shule, ili asipite mbele ya mlango wa Belyse. Na kisa cha kuchekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba toka jikoni kwake aliuona ule mlango kila asubuhi.

Kanisani alimsalimu kwa ncha za vidole, akazika macho kwenye kitabu cha nyimbo ambazo anazijua zote kwa kichwa. Mwezi wa sita Belyse aliacha kuja. Mungu amsamehe Cansilde, jambo la kwanza alilosikia moyoni lilikuwa nafuu. Huzuni ilifuata Jumapili ya pili, alipojikuta amenyoosha mguu kumkanyaga mtu ambaye hayupo.

Safari hii alikata shauri. Alikuwa na kuku mmoja tu, jike mwekundu aliyelala naye chumbani. Akampeleka kwa jirani yake Mutesi, akarudi na mikungu miwili ya ndizi za pombe. Akachimba shimo, akalitandika majani, akazifukia ziive. Siku ya tano akazifukua, akazimenya, akazikamua kwa nyasi mpaka mikono ikachanika, akachuja, akatia maji, akakaanga konzi zake mbili za mwisho za mtama na kuzisaga zikaiamshe. Ndani ya chungu pombe ikaanza kunong'ona. Cansilde alikaa karibu nayo jioni mbili akiisikiliza, na asikuambie mtu, ilikuwa ni kama kuna mgeni nyumbani.

Alikuwa amepanga maneno pia. Hatamgombeza. Ataweka kidumu katikati, atachovya mirija miwili, atasema, "Mdogo wangu, nimechelewa." Belyse atavuta, atacheka kidogo, atalia. Habari ya Mbarara itajifia yenyewe. Jumapili mtu atakuwa ukutani pake, ameegemea.

Ijumaa alasiri akajitwisha kidumu cha lita tano, akapita njia fupi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Mlangoni akakuta kufuli.

"Amekwenda na wale Wamormoni, kwa gari lao, mpaka Kashojwa," jirani akamwambia. "Watalala kule, alfajiri waende Mbarara. Hukujua?"

Chini ya ukingo wa paa palikuwa na benchi, na mbele ya benchi ardhi ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, kama inavyosuguliwa pale watu wanapokaa mara nyingi na kuchezesha miguu. Cansilde aliitazama ile ardhi kwa muda mrefu. Miguu yake mwenyewe haikuwamo katika ile iliyoisugua.

Jumamosi aliamka na jogoo wa Mutesi, akapanda pikipiki, kisha gari, kidumu mapajani, na saa nne akawa Mbarara akiuliza njia. Kanisa lenyewe alikuta ni nyumba safi ndani ya ua, haina mnara wala sanamu ya Bikira Maria, na getini kuna askari wa ulinzi, Munyankole mwenyeji wa huko, aliyemwita nyabo, yaani mama, na kumfungulia bila kumpekua. Cansilde alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa ameshika rozari mfukoni kama mtu ashikavyo fimbo.

Mlangoni alisimama mwanamume wa Kikongo, shati jeupe, tai, uso wote meno.

"Karibu, mama! Karibu sana! Mimi naitwa Natanaeli. Mama jina lake nani? Ametoka fasi gani?"

"Cansilde. Natoka Rubondo."

"Cansilde wa Rubondo!" Akageuka akawaita wenzake. "Bandugu, huyu ndiye mama Belyse anatuambiaka kila siku! Ule balikuja naye mu lori moja!" Akampokea kidumu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakipeleka kwenye meza ya biskuti na juisi, akakiweka katikati kabisa. Cansilde alifungua mdomo aseme ni kitu gani. Lakini tayari alikuwa ameshikwa mkono na mama mmoja, kisha mwingine, kisha mzee mmoja mwenye kofia, na kila mmoja alimwita kwa jina lake, na kila mmoja alimshika kwa kiganja kizima. Akavutiwa kiti. Akaulizwa usafiri ulikuwaje. Natanaeli akakaa mbele yake akamuuliza kama ana watoto.

"Mmoja. Yuko Kanada."

"Mama anamuona lini mara ya mwisho?"

"Miaka minne."

"Iko mingi, mama. Jina lake?"

"Munezero," akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya jina. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Rubondo nzima inajua Munezero yuko Kanada, na huko Kanada kwenyewe ndiko kunakofunga mazungumzo, kwamba wewe una bahati. Cansilde akakasirika. Alijikasirikia yeye mwenyewe, kwa kuwa kiti kile kilimkaa vizuri namna ile.

Mama mmoja akampeleka kwa Belyse, kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo. Belyse alikuwa amekaa peke yake ndani ya gauni jeupe refu lililomzidi, mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Alipomwona Cansilde, alisimama, akakaa tena.

"Mama Munezero. Wamekutuma?"

"Mwalimu Kabanda alinituma. Lakini ningekuja." Akasikia jinsi maneno yale yalivyo mepesi. "Nimekuletea pombe, Belyse. Ya Ladislas. Nimekamua mwenyewe."

Belyse akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kanisani cha kujibana, na machozi yakaja pamoja nacho.

"Huku? Umeleta pombe huku?"

"Nilipita kwako jana. Kumefungwa."

"Miezi minne, dada. Nilikuwa nakuona kila asubuhi unapuliza moto jikoni. Nikasema, leo atavuka. Nikawa nafagia mbele ya mlango sababu yako. Halafu nakuona unaenda kisimani kwa nyuma ya shule. Nikasema, labda nilimkosea siku ya mazishi. Nilikaa nikitafuta neno gani nilikukosea."

"Sikuwa na kitu cha kuleta!"

"Nani alikuomba kitu?"

Belyse akajifuta uso kwa mkono wa lile gauni.

"Hawa walikuja wawili, siku ya Alhamisi. Wakongomani, hawajui desturi zetu. Niliwatazama mikono, haina hata chumvi. Nikasema moyoni, watu gani hawa hawana adabu. Wakakaa pale kwenye benchi. Wakaniuliza, Ladislas alikuwa mtu wa namna gani? Dada, nilisema mpaka jua likashuka. Nikawaambia hata alivyokuwa anapiga mluzi akitengeneza baiskeli. Alhamisi nyingine wakarudi, na nyingine. Mvua inanyesha, wanakuja."

"Na hicho kitabu chao? Unakiamini?"

"Kuna mengine naelewa, mengine bado. Mama Maria namkosa. Kahawa naiota, wamesema niache." Akavuta pumzi. "Lakini Alhamisi ikifika, mtu anagonga kwangu. Hilo sihitaji kufundishwa."

Cansilde alitafuta kitu cha kumuumiza nacho, maana naye ameumizwa, akakipata. "Na wakishakulowesha, Alhamisi zikikoma?"

"Basi nitakuwa kama nilivyokuwa," Belyse akasema taratibu. "Hapo nimepoteza nini?"

Nje wakaita kwamba muda umefika. Mama aliyetakiwa kusimama kando ya maji na taulo alikuwa hajafika. Gari lake limeharibika njiani. Belyse akachukua taulo kwenye ndoano, akalishika kifuani kidogo, kisha akamnyooshea Cansilde. "Usiposhika wewe nitatoka nimelowa mbele ya wanaume wale wote."

Angeweza kukataa. Alikuwa amekuja kukataa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akalipokea taulo.

Kisima chao cha ubatizo kilikuwa kimejengwa kwa vigae, na ngazi za kushukia. Natanaeli, naye kavaa nyeupe, alikuwa tayari ndani maji kiunoni. Belyse anaogopa maji. Walipovuka mto mwaka ule wa kukimbia alimkaba Cansilde shingo mpaka karibu wazame wote. Sasa alishuka ngazi moja moja akitazama nyuma, kwa Cansilde, si kwa mtu mwingine. Wakamzamisha. Pindo la gauni likabaki juu ya maji, likielea. Mzee mwenye kofia akatikisa kichwa kwa upole: lazima azame wote, hata nguo. Wakarudia.

Mara ya pili alizama wote. Cansilde aliyaona maji yanafunga juu ya kichwa cha mtu wake, na kwa ule muda mfupi hapakuwa na Belyse mahali popote. Ndipo alipojua kwa yakini kwamba amempoteza, na kwamba hakumpoteza leo.

Akaibuka anakohoa, anatetemeka. Cansilde akamfunga taulo, akamkumbatia mgongoni kwa nguvu mpaka gauni lake mwenyewe likalowa kifuani. Belyse alinukia sabuni ngeni.

Wakati wa biskuti, Natanaeli, nywele bado mbichi, alifungua kidumu amimine watu wanywe. Akasita. Akanusa. Chumba chote kikanusa. Cansilde alitamani sakafu ipasuke. Lakini yule bwana akafunga kifuniko polepole, akamsogelea, akainama.

"Mama, najua hii ni heshima kubwa. Kwetu Kivu pia tulikuwa tunafanyaka hivi. Ni vile siye hatunywaka tena." Wala hakucheka, ingawa macho yalitaka. "Asante sana kwa kutufikiria. Siye tunaweza kuja kumusalimia mama kule Rubondo? Alhamisi tunapitaka kwa Belyse, na nyumba zinaangaliana."

Hakukubali, hakukataa. Akachukua kidumu chake, akatoka nacho mpaka getini. Yule askari alionja kifuniko kimoja cha ile pombe ya ndizi, akafumba macho.

"Nyabo! Hii tonto ni muzuri sana. Nani amekufa?"

"Fundi mmoja wa baiskeli," Cansilde akasema.

"Oo. Pole, nyabo. Pole sana." Akavua kofia yake ya kazi, akanywa. Akamsimulia habari za baba yake mwenyewe, aliyekufa na ng'ombe wake mwaka mmoja. Ndivyo kilivyonyweka kidumu cha Ladislas, na mtu ambaye hakumjua, kwenye kiti cha plastiki kando ya geti. Cansilde alirudi nyumbani na kidumu kitupu, na njia nzima alijikuta akiwaza wale wageni wa Alhamisi angewakalisha wapi, maana ana kigoda kimoja tu.

Jumapili Kabanda alimsubiri mlangoni. "Umemrudisha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Walimpa nini? Chakula? Walimwahidi safari?"

"Walikaa naye," Cansilde akasema, na Kabanda akasubiri sentensi iendelee, haikuendelea.

Benchi la tatu lilikuwa na pengo upande wa ukuta. Hakuna aliyelijaza. Watu walibanana kwenye mabenchi mengine, kwa heshima vilevile, wakijua ni mahali pa mtu. Cansilde aliimba nyimbo zote na mkono wake wa kulia ukasikia baridi ibada nzima.

Baada ya ibada akawakusanya wanawake wa jumuiya kama kawaida, akawauliza neno moja. Mariette, yule wa ng'ambo ya kilima, amemzika mama yake siku ishirini zilizopita. Nani ameshafika kwake? Wakatazamana. Mukandayisenga alikuwa anangoja mtama wake ukauke. Mwingine anangoja sukari. Mwingine alisema, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi anapita njia nyingine, na Cansilde hakuweza kumwangalia usoni.

"Basi," akasema, akawaacha wamesimama pale.

Alikwenda kwa Mariette vile vile alivyo, na nguo za kanisani, saa saba ya mchana. Njia ni ndefu, unashuka mpaka bondeni na kupanda kilima kizima upande wa pili, na mtu asiyebeba kitu hajui mikono aiweke wapi. Mara mbili alitaka kurudi. Alipofika alisimama mlangoni, na Mariette akatoka. Mariette akamtazama mikono. Halafu akatazama nyuma yake, njiani, kumtafuta yule anayebeba.

"Hakuna mtu nyuma," Cansilde akasema. "Ni mimi tu. Sikuleta kitu, mdogo wangu, nisamehe."

Mariette alisimama akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Mimi mwenyewe sina hata chai ya kukupa," akasema.

"Nipe pa kukaa."

Wakakaa ndani, wote wawili kwenye mkeka. Kuku wa mtu aliingia, akatoka. Cansilde alikuwa anaogopa kama siku ile ya kwanza aliposoma mbele ya watu kanisani, lakini swali alikuwa nalo, la kuazima.

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Mariette akavuta pumzi, akaanza. Alianza na jinsi mama yake alivyokuwa akipanda maharage kwa kuyahesabu kwa sauti, akarudi nyuma mpaka Burundi, akasahau, akaanza upya, akalia, akacheka, na jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa nyuma. Cansilde hakusema zaidi ya mhm. Hakuna kitu kingine alichoombwa, mchana kutwa.

Alipotoka, miguu ilimuuma. Alisimama juu ya kilima apumzike, na kutoka pale aliyaona mabati ya nyumba yake na ya Belyse, haya hapa, yale pale, na uwanja mdogo katikati. Kwenda kwa Belyse hapakuwa hata na kilima cha kupanda.